Daftari la Miaka Kumi: Makaratasi ya Kibera na Kawangware

Yametimia miaka 10 tangu jioni ile ya masika nilipokuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katika chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kule Kawangware, mvua ikilipiga bati kwa kishindo kilichowafanya majirani wa ukuta mmoja wasisikilizane, nikafungua daftari la kurasa 96 nililokuwa nimelinunua kwa hesabu za matumizi yangu, na mahali pa hesabu nikaandika bei ya mtungi mmoja wa maji na habari ya foleni ya kuyangoja. Sikuwa na azma ya kutunga kitabu. Siku ya pili niliandika neno nililolisikia kwa makanga wa matatu namba 46, siku ya tatu nikaandika jinsi fundi viatu wa kona alivyoihifadhi misumari yake kinywani huku akisimulia msiba, na tangu hapo haikupita wiki ambayo kalamu yangu haikugusa karatasi. Leo madaftari yamefika 14, nayo yamefungwa kwa kamba ya katani ndani ya kisanduku cha bati, katika chumba changu cha Kibera nilikohamia baada ya mwaka wa nne. Na kwa kuwa ni ada ya watu kuiadhimisha siku iliyowaanzishia jambo la kudumu, nimeona niiadhimishe siku hii kwa kuyasoma madaftari yote upya, ukurasa kwa ukurasa, ili nijue nimekuwa nikiandika nini muda wote huo.

Nilidhani nitakuta mvua, bei na vifo, na kweli vyote vimo. Lakini jambo lililorudi mara nyingi kuliko yote, pasipo mimi kulikusudia, lilikuwa karatasi: karatasi ya mwenye nyumba, karatasi ya chifu, kitambulisho kilichopotea, orodha ya chama, kitabu cha madeni cha dukani, alama ya chaki mlangoni. Hapo nikatambua kwamba kwa miaka kumi nimekuwa nikiishi, pasipo kujua, katikati ya tarehe ndefu ya makaratasi ambayo ilianza kabla ya babu zangu kuvaa viatu, na kwamba mitaa hii miwili ninayoipenda imejengwa na karatasi kama ilivyojengwa na udongo na mabati.

Nianze na Kibera, kwa kuwa ndiyo kongwe katika kadhia hii. Jina lenyewe ni la Kinubi, kibra, maana yake msitu, nalo lilitolewa na askari waliotoka mbali sana. Asili yao ni majeshi ya Misri yaliyokuwa Sudani ya kusini chini ya Emin Pasha, ambayo vita vya Mahdi viliyakatia njia ya kurudi kaskazini. Na mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliwakuta mabaki yao ng'ambo ya ziwa Albert, chini ya Selim Bey, akawaandika katika utumishi wa Kampuni ya Waingereza. Kutoka Uganda walitawanywa kila mahali bendera ya Uingereza ilipokwenda, na ilipoundwa King's African Rifles mwaka 1902 wao ndio waliokuwa miongoni mwa nguzo zake. Waliozeeka katika utumishi huo hawakuwa na nchi ya kurudia, maana watoto wao walizaliwa njiani, kambi baada ya kambi. Basi wakapewa mahali pa kukaa katika msitu uliokuwa kusini magharibi ya Nairobi, na mwaka 1918 Serikali ikatangaza eka 4,197 kuwa ardhi ya jeshi.

Walipewa pasi za shamba. Nataka msomaji alipime neno hilo vyema. Pasi ilimruhusu askari mstaafu kujenga, kulima na kufuga. Haikumfanya mwenye milki. Mwaka 1928 eneo likatoka mikononi mwa jeshi likatiwa chini ya utawala wa kiraia, na Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter ilipoitazama kadhia yao katika miaka ya thelathini, ilisema kwamba watu hao ni wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya Serikali, ingawa Serikali ina wajibu wa kiutu juu yao. Wajibu wa kiutu! Mtu aliyepigana vita vya mfalme asiyemjua, katika nchi zisizo zake, akalipwa kwa wajibu usio na hati. Kwa kuwa hawakuwa na hati, hawakuruhusiwa kujenga nyumba za kudumu. Na kwa kuwa nyumba hazikuwa za kudumu, ilikuwa rahisi kusema baadaye kwamba mahali penyewe si pa kudumu. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi nikitazama kuta za udongo za nyumba za zamani za Makina, huko Kibera, zenye vibaraza vipana na miti ya matunda uani, zinavyong'ang'ania kusimama, na sijapata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi kukosa ukurasa mmoja kunavyoweza kuamua unene wa ukuta.

Eka zile zikapungua mwaka hata mwaka, zikikatwa kwa ajili ya mitaa mipya ambayo leo ina majina yake na malango yake. Wajukuu wa askari wakaendelea kuomba ile hati, utawala huu ukiondoka na huu ukiingia, mpaka mwezi wa Juni 2017, walipokabidhiwa na Rais Uhuru Kenyatta hati ya ardhi ya jumuiya yenye eka 288. Bibi mmoja wa Makina, ambaye hunialika kula gurusa siku za Idi, aliniambia kwamba siku ile alilia kwanza kwa furaha, kisha akalia tena alipokumbuka waliokufa wakiingoja. Niliandika maneno yake usiku uleule, nikaacha mistari miwili mitupu chini yake, kwa sababu sikuona jingine la kuandika.

Lakini Kibera haikubaki ya Wanubi peke yao. Reli inayokwenda Kisumu inaikata katikati, na watu waliokuja Nairobi kutafuta kazi, hususan kutoka magharibi, walishuka wakapanga vyumba, wakawaita ndugu zao, nao wakawaita wao. Majina ya vijiji vyake ni tarehe iliyoandikwa bila wino: Laini Saba, ambayo wazee huinasibisha na safu za shabaha za askari, Lindi, jina la bandari ya kusini mwa Tanganyika, katika nchi ambako askari wa KAR walipigana vita vikali mwaka 1917, Mashimoni, Kichinjio, Kisumu Ndogo, Soweto. Mtu akitembea kwa saa moja tu kwa mguu amepita kambini, vitani, machimboni, ziwani na Afrika Kusini.

Sasa tuvuke. Njia yangu ya kwenda Kawangware hupitia soko la Toi, ikapanda mpaka Barabara ya Ngong, ikauacha uwanja wa maonyesho wa Jamhuri upande mmoja, ikafika Dagoretti Corner, na kutoka hapo ikashika Barabara ya Naivasha. Nami hupenda kuitembea kwa miguu siku za Jumapili, maana ndani ya gari mtu huona migongo ya watu na kwa miguu huona nyuso. Jina la Kawangware hunasibishwa na ngware, ndege ambaye sisi humwita kwale. Na sikio la mtu wa pwani halina taabu ya kusikia kwamba ngware na kwale ni neno moja lililotembea njia mbili. Mpaka leo sijapata kumwona ndege huyo hapo, ila nimewaona kuku wengi mno, na asubuhi moja korongo mweupe aliyesimama juu ya paa la kinyozi kana kwamba anangoja zamu yake.

Tarehe ya upande huu ni nyingine kabisa. Hii ni Dagoretti, nchi ya mashamba ya Wagikuyu, ambako mwaka 1890 huyohuyo Lugard, akiwa njiani kwenda Uganda, alijenga ngome na kufanya mapatano na Waiyaki wa Hinga kwa kiapo cha udugu. Watu wa Kampuni waliobaki nyuma yake hawakuyaheshimu. Ngome ikahamwa na kuteketezwa, na mwaka 1892 Waiyaki akakamatwa, akapelekwa njia ya pwani, akafia Kibwezi. Nashangaa kila ninapokumbuka kwamba mtu mmoja, katika muda wa miaka miwili, aliweka mkono wake katika mwanzo wa mitaa yangu yote miwili: huku aliwaandika askari, kule aliapa kiapo, na wajukuu wa pande zote mbili wamekuwa wakitafuta haki yao katika makaratasi tangu hapo.

Hata hivyo ardhi ya Dagoretti, pamoja na yote yaliyotwaliwa kuizunguka, ilibaki ndani ya hifadhi ya Wagikuyu, chini ya mbari na wazee wao. Na katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, Serikali ikapima na kuunganisha mashamba ya nchi ya Kiambu, ikayaandikisha kwa majina ya watu mmoja mmoja. Kazi hiyo ilifanyika wakati wanaume wengi wakiwa vizuizini, na yako machozi ndani yake ambayo hayajakauka. Lakini ilizaa kitu ambacho Kibera haikukijua, yaani cheti cha ardhi chenye jina la mtu. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa, Dagoretti ikaingia mjini pamoja na mashamba yake yenye vyeti. Na mwenye shamba, badala ya viazi na mahindi, akaanza kupanda vyumba.

Hapo ndipo penye fumbo ambalo madaftari yangu yamelizunguka miaka kumi bila kulitaja. Kibera ilikosa karatasi, Kawangware ilikuwa nayo, na chumba cha mpangaji kikatokea kilekile: futi 10 kwa 10, bati juu, pazia katikati, jiko mlangoni, choo cha wengi nje. Katika Kibera mtu alijenga kwa idhini ya chifu iliyotolewa kwa mdomo, naye akapangisha haraka, asijue kesho itakuwaje. Katika Kawangware mtu alijenga juu ya ardhi ya babu yake, naye akapangisha bila haraka, akijua kesho ni yake. Nimeishi chini ya namna zote mbili za paa, na tofauti niliyoiona ni hii, kwamba mwenye nyumba wa Kawangware alinipa risiti yenye muhuri na mwenye nyumba wa Kibera hunipa neno lake. Mvua ilivuja sawasawa. Ila nikiri kwamba katika miaka hii ya karibuni Kawangware imeanza kupanda ghorofa, moja baada ya nyingine, za mawe na vigae, kwa sababu benki hukopesha juu ya cheti na haikopeshi juu ya neno. Na wapangaji wa mabati huamka siku moja wakaambiwa wahame, kwa hati halali kabisa.

Mpangaji mwenyewe alikuwa na karatasi gani? Yake ya kwanza ilikuwa mbaya. Sheria ya mwaka 1915, iliyotiwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake na habari za kazi na mshahara wake, na wengi walikibeba ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Aliyemkosea mwajiri wake angeweza kukosa sahihi ya kumwachilia, akawa hawezi kuajiriwa kwingine. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake Machi 1922 kuliwaleta watu kwa maelfu mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, wakapigwa risasi. Neno lenyewe lina maana ya sehemu iliyokatwa katika kitu kizima, na sidhani kwamba waliolichagua walijua jinsi lilivyosema kweli.

Kitambulisho kilikuja kuchukua nafasi ya hayo yote, nacho ni cheti cha heshima. Lakini wanawake hawakuwamo katika sheria yake mpaka ilipobadilishwa mwaka 1978, hata mama zetu wengi walifanya kazi, wakazaa, wakazika, pasipo karatasi ya Serikali yenye picha yao. Na vijana wa Kinubi wa Kibera walitakiwa kwa miaka mingi kupita mbele ya kamati za kuwahakiki, wakathibitishe uraia ambao wenzao walipewa kwa kutaja jina la kijiji. Shauri la watoto wa Kinubi lilifika mpaka kwenye Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambayo mwezi wa Machi 2011 iliamua kwamba Kenya ilikuwa imezivunja haki zao. Kijana mmoja jirani yangu huweka cheti chake cha kuzaliwa ndani ya msahafu. Nilimwuliza kwa nini hapo, akanijibu kwamba ndicho kitabu pekee nyumbani mwao ambacho hakuna mtu atakayekitupa.

Yako pia maandishi ya ukutani. Usiku wa sensa ya Agosti 2009 makarani walipita vichochoroni wakiandika tarakimu za chaki juu ya milango, na matokeo yalipotangazwa mwaka uliofuata, Kibera iliyokuwa ikitajwa duniani kote kuwa na watu milioni na zaidi ilionekana kuwa na watu 170,070. Wengi waliudhika, kana kwamba wamepunguzwa utu. Nami nasema, kwa heshima yao, kwamba watu 170,070 ni wengi wa kutosha kuhitaji maji, na hawakuhitaji kuzidishwa ili wahurumiwe. Alama nyingine ni ile ya rangi nyekundu, herufi X, ambayo ikionekana mlangoni mtu huanza kuvunja kitanda chake. Iliwekwa kwa ajili ya barabara mpya, na alfajiri ya tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yakaingia Kibera, yakaangusha nyumba na shule kwa siku moja. Siku hiyo daftari langu lina mstari mmoja tu, unaosema kwamba mtoto mwenye sare ya shule alikuwa akitafuta daftari lake katika vifusi.

Nisidhaniwe kuwa karatasi zote ni za huzuni. Kiko kitabu cha chama, ambacho kila Jumapili mchana hufunguliwa katika chumba kimoja cha Gatina, huko Kawangware, wanawake kumi na wawili wakiwa wamekaa juu ya kitanda, sakafu na mitungi, mwekahazina akisoma majina kwa sauti na kila mmoja akiitika na kutoa fungu lake, kisha mwenye zamu akapokea chungu chote na kutamka mbele ya wote atakachokifanyia. Nimeona kitabu hicho kikinunua cherehani, karo ya kidato cha kwanza, na mabati ishirini. Kina jalada la gazeti na kimeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Tangu Machi 2007, ilipoanzishwa M-PESA, fedha nyingi za chama hupita kwa simu, na ujumbe wa simu umekuwa risiti. Lakini mwekahazina bado huandika kitabuni kwa mkono, kwa sababu, asema, simu huibwa na kitabu hakiibwi na mtu.

Na kiko kitabu cha madeni, ambacho kwangu mimi ndicho kitabu kikubwa cha mitaa hii. Katika nchi ya kununua kidogo kidogo, mafuta ya kupikia kwa kijiko, sukari kwa karatasi iliyokunjwa pembetatu, nusu mkate, robo ya omena, ujira wa kibarua hauji siku ileile ya njaa, na pengo hilo huzibwa na imani iandikwayo kwa kalamu ya wino wa buluu. Jina la mtu humo si lile la kitambulisho. Ni Mama fulani, Baba fulani, Fundi, Yule wa Bomba, Jirani wa Juu. Akilipa, mstari hupigwa juu ya jina.

Mwenye duka mmoja wa kijiji chetu anacho kitabu cha mwaka 2007 ambacho hajakitupa. Kurasa zake za mwisho ni za Desemba, na majina kadhaa hayana mstari. Wenye majina hayo waliondoka Januari 2008, baada ya uchaguzi, usiku, na watoto mgongoni, wakati nyumba zilipokuwa zikiungua na vijana waking'oa reli, na jirani akawa hajui kama jirani bado ni jirani. Nilimwuliza kwa nini amekihifadhi, na yeye mwenyewe duka lake liliporwa. Akasema, "Mwalimu, hawa hawakukataa kulipa. Walizuiwa."

Mwaka jana, katika mwezi wa Novemba, nilikuwa nimesimama pale dukani nikingoja chenji, akaja mwanamke mwenye mvi chache chini ya kilemba, akashika ukingo wa dirisha la waya, akamwuliza mwenye duka kama bado anacho kile kitabu. Alikuwa ametoka Kawangware, alikohamia baada ya fujo, na katika miaka yote ile hakupata moyo wa kuvuka Barabara ya Ngong. Mwenye duka hakujibu. Aliinama chini ya meza, akatoka na kitabu, akakifuta vumbi kwa leso, akafungua polepole mpaka akafika. Unga pakiti moja, sukari robo, mafuta ya taa, nusu mkate. Shilingi 140. Mwanamke akazihesabu, zikatimia, na mwenye duka akatafuta rula ya mwanawe ili mstari unyooke. Kisha akamfungulia mlango wa nyuma aingie ndani, akabandika chai, nami nikaenda zangu bila chenji yangu, maana hapakuwa tena na mtu dirishani.

Usiku huo nilianza daftari la 14. Ukurasa wa kwanza nimeandika tarehe, bei ya mtungi wa maji, na ile orodha ya vitu vinne.